Bunduki ikigoma, mlinzi ndiye mwizi?

Nimeadimika. Kazi za chumba cha habari zimenibana, na safari za mikoani nazo zimefuatana kama mabehewa ya treni. Leo nimejilazimisha kukaa chini kwa sababu kuna jambo linanisumbua, na gazetini lilipata aya nne tu, chini kabisa ya ukurasa wa sita, jirani na tangazo la dawa ya mende. Sina ugomvi na mhariri wangu, gazeti lina nafasi yake. Lakini hapa kwangu hakuna wa kunikata, kwa hiyo vumilieni, leo nitakuwa mrefu.

Jambo lenyewe ni hili: bunduki ilipiga risasi moja, ya pili haikupanda. Kwa sababu ya hiyo risasi moja iliyokataa kupanda, mtu mzima mwenye mke na watoto ameitwa mwizi mbele ya majirani zake.

Mji siutaji, taasisi siitaji, na mlinzi mwenyewe simtaji, maana jina lake limeshachafuliwa vya kutosha. Ni mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Taasisi ina ghala, na ghala lilikuwa na mlinzi wa usiku, mgambo aliyepitia mafunzo, makamo ya baba yangu mdogo. Usiku mmoja, majira ya saa nane, wakaja watu watano. Mlinzi akapiga risasi hewani. Wakatawanyika. Walipoanza kusogea tena akavuta triga mara ya pili. Kimya. Wale jamaa si wajinga. Walisikia mlio mmoja, wakasubiri wa pili, hawakuusikia, wakamvamia. Walimpiga, wakamfunga kamba, wakabeba walichokuja kubeba. Bunduki hawakuitaka. Asubuhi ilikutwa imetupwa kwenye majani nyuma ya ukuta, ikiwa na risasi tisa.

Hizo risasi tisa ndizo zilizommaliza. Mtaani hesabu ilikuwa nyepesi: alipewa kumi, kapiga moja, zimebaki tisa. Kwa nini hakupiga? Jibu lilipatikana kijiweni kabla ya saa nne asubuhi: kala njama. Gazeti moja, si letu, lilitoka na kichwa cha habari chenye alama ya kuuliza, ile alama ambayo huwekwa pale mtu anapotaka kusema kitu bila kukisema. Mlinzi akakaa ndani siku nne. Akaachiwa, mahakamani hakufikishwa. Kazini akaambiwa asirudi.

Nilipomtembelea nyumbani kwake alikuwa amekaa chini ya mwembe, anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akanipa kigoda. Hakulia wala hakulalamika sana. Alisema, "Mwanangu, mimi nilivuta triga. Ikalia ta. Nikakoki, nikavuta tena, ta. Mara ya tatu bolti ikaishia njiani, haiendi mbele hairudi nyuma. Nikawa nahangaika nayo hivyo hivyo mpaka waliponifikia. Sasa mtu akiniuliza kwa nini sikupiga, namjibu nini?"

Nilirudi Dar na sentensi hiyo kichwani.

Sasa hebu tuizungumzie bunduki yenyewe, maana nimegundua watu wengi tunaitaja bila kuijua. Ukisoma habari za uhalifu katika magazeti yetu utakuta "bunduki aina ya SMG" au "bunduki aina ya SAR". Zimezoeleka kama chumvi. SMG, kwa lugha ya taarifa zetu za polisi, kwa kawaida ni AK-47 au ndugu zake. SAR ni herufi za Kiingereza zenye maana ya bunduki nusu-otomatiki, yaani ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, kisha inajikoki na kupandisha nyingine yenyewe. Inayopewa jina hilo kwetu kwa kawaida ni SKS, iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945 na kuingizwa rasmi katika jeshi la Umoja wa Kisovieti mwaka 1949, au pacha wake wa Kichina, Type 56, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1956. Ya yule mlinzi ilikuwa na alama za Kichina ubavuni.

Bunduki za aina hiyo kuwapo katika eneo letu si ajabu. Uchina ilianza kutupatia silaha na wakufunzi katikati ya miaka ya 1960. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapiganaji wa FRELIMO walizibeba bunduki hizi Msumbiji. Kwa hiyo bunduki ya namna hiyo inayolinda ghala leo inaweza kuwa na umri wa kumzidi anayeibeba. Kuukuu kwenyewe si kosa. SKS ni chuma imara, na ikitunzwa inapiga miaka na miaka. Neno la msingi ni hilo, ikitunzwa.

Kwa kuwa sikutaka kuandika kwa kubahatisha, nilimtafuta babu mmoja, fundi silaha mstaafu, anayeishi nje kidogo ya jiji na siku hizi anafuga kuku. Nilimkuta anaziba banda. Nikampa shikamoo, nikamweleza kisa chote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaosha mikono, kisha akaniuliza maswali matatu.

"Mjukuu wangu, ganda la ile risasi ya kwanza lilianguka wapi? Bolti ilisimama wapi? Na alipokoki, kuna risasi nzima iliruka nje?"

Sikuwa na majibu, na hayakuwamo katika gazeti lolote lililoandika habari ile. Nikampigia simu mlinzi pale pale, nikaweka sauti ya juu. Ganda? "Lilipiga bati la kibanda changu, nililisikia." Bolti? "Mara mbili za kwanza ilifunga kabisa. Mara ya tatu ndiyo ikagoma katikati, risasi imeinua pua juu, nyuma iko chini, bolti imeikanyaga mgongoni." Risasi nzima iliruka? "Hakuna. Hata moja."

Babu akatikisa kichwa polepole. Kisha akaingia ndani akarudi na kiberiti na kalamu tatu za wino, tukakaa barazani, akanipa somo ambalo nitajaribu kuwapa na ninyi.

Bunduki hii inafanya kazi hivi. Risasi ikilipuka, gesi ya baruti inasukuma kichwa cha risasi mtutuni. Kabla hakijatoka, sehemu ndogo ya gesi inapenya kwenye tundu lililo juu ya mtutu na kuisukuma pistoni. Pistoni inagonga kijiti cha chuma chenye springi, kijiti kinagonga mbebaji wa bolti, na mbebaji huyo anarudi nyuma. Anaporudi anainua mkia wa bolti, bolti inafunguka, ndoana yake inavuta ganda tupu kutoka chemba, ganda linagonga chuma kidogo na kurushwa nje upande wa kulia. Wakati huo huo nyundo inakokiwa. Springi ya nyuma ikisha kubanwa inaisukuma bolti mbele tena, na njiani bolti inaisukuma risasi iliyo juu ya magazini mpaka ndani ya chemba. Yote hayo kwa kufumba na kufumbua.

Magazini ya SKS imeshikana na bunduki, haichomolewi kama ya AK. Inabeba risasi kumi, na hupakiwa kutoka juu kwa klipu. Mbele ina bawaba, nyuma imeshikwa na kilachi kidogo. Ukikibana kilachi, magazini inafunguka kwa chini na risasi zote zinamwagika mkononi. Ndani yake kuna kibao cha chuma kinachosukumwa na springi ili kuzipandisha risasi.

"Sasa," akasema babu, "bunduki ikikataa kupandisha risasi, watu husema imegoma. Kugoma si ugonjwa, ni dalili. Ni kama mtoto analia. Unatafuta wapi panauma."

Kabla ya chochote, alisisitiza, hakikisha bunduki haina risasi, magazini na chemba pia, na mtutu uelekee mahali ambapo hata ikifyatuka haitamdhuru mtu. Hakuna uchunguzi wa maana unaofanywa na bunduki iliyojaa. Baada ya hapo unatafuta kwa mpangilio, kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, bunduki ikapona, hutajua kilichoiponya.

Mahali pa kwanza ni njia ya gesi. Pistoni ikiwa na kutu au masizi magumu, au tundu la gesi likiziba, bolti hairudi mpaka mwisho. Dalili yake ni ganda kutoka kivivu na kuanguka miguuni, au kubanwa na bolti likiwa limesimama kama bomba la moshi. Pistoni nzima, ukiinamisha bomba lake, inateleza yenyewe kwa uzito wake. Ikihitaji kusukumwa, usiende mbali zaidi, safisha hapo kwanza. Kile kijiti chenye springi nacho ukikibonyeza kinapaswa kurudi bila kusita.

Hapa babu alisema jambo ambalo sikulijua. Risasi nyingi za zamani za nchi za kambi ya Mashariki zina kiwashio kinachoacha chumvi baada ya kupigwa. Chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewani, na unyevu unaleta kutu. Mtu anafuta kwa oili, anaona chuma kinang'aa, anaridhika. Oili haiondoi chumvi. Inayoondoa ni maji, ya moto yakipatikana, kisha unakausha vizuri, ndipo unapaka oili nyepesi. Bunduki ikikaa karibu na ziwa au bahari bila kuoshwa hivyo, usishangae pistoni ikashika.

Mahali pa pili ni chemba. Ikiwa na kutu au uchafu, ganda linang'ang'ania ndani, au risasi mpya haiingii mpaka mwisho. Dalili yake ni bolti kubaki wazi kidogo, na ukivuta mkono wake unatumia nguvu. Hapo anatafutwa mtu mwenye brashi na subira. Tatu ni risasi zenyewe. Risasi ikibonyea, ikiota kutu, au ikikaa miaka inapakiwa na kupakuliwa kila zamu, hiyo si ya kuamini. Nne ni grisi nzito ya ghalani. Bunduki ikitolewa kwenye hifadhi bila kusafishwa mpaka ndani ya bolti, ile pini inayogonga kiwashio inaweza kunasa. Ikinasia nyuma, risasi haipigi. Ikinasia mbele ni balaa, kwa sababu bolti ikifunga tu risasi inaweza kulipuka bila triga kuguswa.

"Na ya tano," akasema, "ni magazini. Hii ndiyo husahaulika, kwa sababu iko chini na haina makelele."

Springi ikichoka, kibao hakiwahi kuzipandisha risasi kabla bolti haijapita. Midomo ya juu ikipinda, risasi inakaa vibaya. Na kilachi cha nyuma kikilika, magazini inaning'inia, hata kwa kiasi kidogo sana, na nyuma ya risasi zinakuwa chini kuliko inavyotakiwa. Hapo ndipo alipoweka kalamu mbili juu ya kiberiti. Alikiinua kiberiti nyuma, akapitisha kalamu ya tatu juu kama bolti, ikaisukuma kalamu ya kwanza mbele. Kisha akakishusha kiberiti nyuma kidogo sana, kama unene wa kucha. Kalamu ya juu ikapita hewani, haikugusa kitu. Akakishusha pungufu kidogo, ikagusa kalamu katikati na kukwama, pua juu.

Nilimtazama. Lilikuwa lile lile nililolisikia kwenye simu.

"Ganda lilifika kwenye bati," akasema, "kwa hiyo gesi ilikuwepo na bolti ilirudi mpaka mwisho. Triga ililia ta, kwa hiyo bolti ilifunga na nyundo ikaanguka. Ingekuwa ni risasi mbovu ndani ya chemba, alipokoki ingeruka nje. Haikuruka. Maana yake chemba ilikuwa tupu. Bolti ilipita juu ya risasi. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu ikaikanyaga. Mjukuu wangu, hiyo ni magazini."

Kuna namna ya kuthibitisha, akanieleza, na haihitaji maabara. Uwanjani, chini ya mtaalamu, unapakia risasi moja tu, unapiga. Bolti ya SKS husimama nyuma yenyewe magazini ikiwa tupu. Ikisimama, gesi inatosha, ugonjwa hauko juu. Kisha unapakia mbili, halafu tano, halafu kumi, ukiandika kila inapokwama ni risasi ya ngapi. Ikikwama popote kwa nasibu, shuku uchafu. Ikikwama ikiwa imejaa tu, au zikibaki za mwisho tu, shuku springi na kibao. Ukiibonyeza magazini juu kwa mkono, bunduki ikiwa tupu, na ukaisikia inacheza, umeshapata pa kuanzia.

Nikampigia mlinzi tena. Swali moja tu. Ile magazini ilikuwa inacheza?

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hiyo mbona ilikuwa imefungwa na mpira wa baiskeli. Tangu mwaka juzi. Ilikuwa ikifunguka yenyewe inamwaga risasi, tukaifunga mpira. Nilishawaambia."

Babu aliweka kiberiti chini. Hakusema kitu kwa muda.

Ndugu zangu, mpira wa baiskeli ukikaa juani na kwenye umande mwaka mzima unalegea. Mshtuko wa risasi ya kwanza ukitosha kuuteleza hata kidogo, magazini inashuka. Hayo ndiyo maelezo mepesi kuliko yote ya kilichotokea usiku ule, na hayahitaji njama ya mtu yeyote.

Nilimuuliza babu kama yuko tayari kusema hivyo kwa jina lake. Akakataa, na sababu yake niliiheshimu. "Bunduki sijaishika. Fundi hasemi kuhusu chuma ambacho hajakishika. Ninachoweza kukwambia ni kwamba maneno ya huyo bwana yanalingana. Mtu anayetunga uongo husema 'iligoma'. Hajui kusema risasi iliinua pua, wala bolti iliikanyaga mgongoni. Hilo linasemwa na aliyeliona." Na kuhusu zile tisa akaongeza: bunduki nzima ukiikoki mara mbili bila kupiga, inatema risasi mbili nzima chini. Hakuna risasi iliyokutwa chini. Hilo peke yake halimsafishi mtu, lakini wale waliozihesabu risasi kama ushahidi dhidi yake wangepaswa kuhesabu na hilo.

Nikiwa bado na jambo hili, nimesoma habari za bunduki nyingine, ya Marekani, na imenifariji kidogo kuona kwamba hata wakubwa yaliwakuta. Mwaka 1936 jeshi la Marekani lilipitisha bunduki nusu-otomatiki iitwayo M1, kazi ya John Garand, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya serikali ya Springfield, Massachusetts. Ilibeba risasi nane ndani ya klipu iliyoingizwa nzima nzima. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi ikazuka na tabia ya ajabu: inakwama kwenye risasi ya saba. Si ya pili, si ya tano. Ya saba.

Mwaka 1940 vita vilikuwa vimeshawaka Ulaya, na kelele dhidi ya bunduki hiyo zikafika magazetini na mpaka bungeni, wengine wakitaka ile ya mshindani wake, Melvin Johnson. Lakini kwa hiyo risasi ya saba, jibu lilipatikana kwa mafundi. Walifuatilia kwa nini ni ya saba tu, wakakuta kwamba katika kuchonga mwili wa bunduki kiwandani, kikatio kilikuwa kinakula sehemu ya ubavu mdogo wa chuma unaoiongoza risasi isiyumbe. Kipande ambacho ungekipita bila kukiona. Uchongaji ukarekebishwa, na zilizokwisha kutengenezwa zikajazwa chuma mahali palipoliwa. Bunduki hiyo hiyo ndiyo iliyobebwa na askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, na mpaka utengenezaji ulipokoma mwaka 1957 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 5.

Zingatieni walichofanya wale mafundi. Waliuliza inakwama ya ngapi. Katika mji ule wa Kanda ya Ziwa waliuliza anafahamiana na nani.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Nilirudi kule mara ya pili, safari hii kuulizia daftari la silaha. Nililionyeshwa kwa mbali, kwa shingo upande. Kila jioni mtu anaandika "bunduki 1, risasi 10", anatia sahihi. Kila asubuhi hivyo hivyo. Sahihi zimejaa kurasa kwa kurasa. Nikauliza ni wapi panapoandikwa hali ya bunduki. Hapapo. Nikauliza ni lini mara ya mwisho ilipigwa kwa majaribio. Aliyekuwepo akacheka, akasema risasi zina hesabu, zikipungua atajieleza nani?

Msomaji wangu, hebu litafakari hilo. Mfumo mzima unahakikisha kwamba risasi ni kumi. Hakuna hata mstari mmoja unaohakikisha kwamba hizo kumi zinaweza kutoka. Mlinzi anapewa chuma na risasi za kuhesabika, anaambiwa nenda kasimame gizani, na siku chuma kikikataa yeye ndiye anayetakiwa kujieleza kwa niaba ya chuma. Kilachi cha magazini ni kitu kidogo mno. Fundi akikiona anakirekebisha au anakibadilisha, bunduki inarudi zamu. Badala yake kilifungwa mpira, na mpira ukageuka kuwa utaratibu.

Sidai kwamba kila mlinzi anayesema bunduki ilikwama anasema kweli. Njama zipo, nimeziandika, na watu wamefungwa kwa haki. Ninachodai ni kwamba swali hili lina jibu, na jibu liko kwenye chuma. Bunduki inaposemwa ilikwama, ichukuliwe kama ilivyokutwa, isiguswe hovyo, apelekewe fundi siku hiyo hiyo. Pistoni inateleza au haitelezi. Magazini inacheza au haichezi. Ni kazi ya asubuhi moja. Ikionekana nzima, mlinzi ana la kujibu. Ikionekana mbovu, kuna mtu mwingine wa kujibu, na huyo hakai kibandani usiku.

Na sisi wenye kalamu tuna letu. Tukiambiwa "ilikwama", tusiishie kuweka alama ya kuuliza. Tuulize ganda liliangukia wapi.

Yule mlinzi bado yuko kwake. Anasema akienda dukani watu hupunguza sauti. Mwanaye wa kidato cha pili aliulizwa shuleni kama baba yake ametoka jela, na jela hajawahi kuingia. Ameandika barua mbili kuomba bunduki ichunguzwe. Hajajibiwa. Nilipouliza kwa niaba yake bunduki iko wapi sasa, ili angalau nijue kama ushahidi umehifadhiwa, nilijibiwa kwa urahisi kabisa, kama mtu anayeulizwa jembe liko wapi.

Ipo kazini. Ilirudi zamu wiki ile ile. Usiku wa leo anayo mlinzi mwingine, kijana wa rika langu. Nilimkuta getini jioni nikiwa natoka, tukasalimiana. Mpira ulikuwa mpya, mwekundu.

Nawatakia wiki njema. Mwenye ndugu anayefanya kazi ya ulinzi, na amuulize tu: bunduki yako mara ya mwisho fundi ameifungua lini?